Tulioko Marekani, sandwichi ya mji wako ni ipi? Tupeane uzoefu

Habari wakuu. Kabla sijaja huku nilijua sandwichi ni slesi mbili za mkate na yai katikati. Kumbe kila mji una yake, na wenyewe wanaitetea kama watu wa Simba na Yanga.

Nianze na Chicago nilipo. Hapa mwenye mji ni Italian beef. Nyama ya ng'ombe inaokwa polepole, inakatwa nyembamba mno, inarudishwa kwenye mchuzi wake, halafu inashindiliwa kwenye mkate mrefu. Muuzaji atakuuliza kama mkate wenyewe uchovywe mchuzini. Kubali. Juu omba giardiniera, yaani achari ya mboga na pilipili kwenye mafuta. Inaliwa kwa kusimama, viwiko kwenye kaunta, miguu umeirudisha nyuma, la sivyo shati limekwenda. Leteni za kwenu.

Mdau wa Philadelphia: Mimi mtu wa Mombasa. Mgeni yeyote hapa hupelekwa kona ya 9th na Passyunk, ambako Pat's na Geno's zinatazamana. Pat Olivieri na nduguye Harry walikuwa wauza hotdogi, wakaanzisha hii ya nyama ya kukaanga, cheesesteak, miaka ya 1930; jibini ikawa kawaida baadaye. Geno's ilifunguliwa 1966. Ukifika dirishani usipige hadithi: taja jibini, sema vitunguu unataka au hutaki, toa pesa. Kwetu Waislamu mji huu una raha, maana Wamarekani weusi Waislamu ni wengi na cheesesteak ya halali haitafutwi kwa tochi. Ile Cheez Whiz, jibini ya kumiminwa, ya njano, mimi siiwezi. Naagiza provolone, jibini ya Kiitaliano.

Mleta mada: Bila Whiz hapo umekula mkate na nyama tu, kaka.

Mdau wa New Orleans: Po' boy, wapendwa! Mwaka 1929 wafanyakazi wa tramu waligoma. Bennie na Clovis Martin, ndugu wawili waliowahi kufanya kazi kwenye tramu hizo, walikuwa na mgahawa, wakatangaza kuwalisha wagomaji sandwichi hii bure. Kinachonimaliza mimi ni mkate: ganda jembamba linalovunjika, ndani laini kabisa. Humo wanajaza kamba wa kukaanga, au chaza. Mtu wa pwani hawezi kulalamika. Ila muffuletta, ile ya duara ya Wasisilia yenye zeituni za kukatakata, asiyekula nguruwe aipite.

Mdau wa Buffalo: Bandugu, siye Wakongomani tuko wengi huku. Mabawa ya kuku ndiyo yanajulikana, lakini wenyeji wanakula beef on weck. Mkate una chumvi ya mawe na kisibiti juu, ndani nyama ya ng'ombe, na mzizi mweupe uliokunwa unaopanda puani mpaka machozi yatoke. Mama yangu anadharau kila chakula cha Wazungu, ila hiki anakiagiza mwenyewe.

Mdau wa Portland, Maine: Hapa ni kamba kochi, baridi, na mayonezi kidogo, kwenye mkate uliokaangwa kwa siagi. Connecticut wanaila ya moto na siagi iliyoyeyushwa. Nimeonja zote, Connecticut wameshinda, ila msiwaambie majirani zangu. Bei inauma popote.

Mdau wa Tampa: Yetu ya Kikyuba ina salami. Miami wanasema salami ni haramu mle. Nguruwe imejaa humo, halafu haramu ni salami!

Mdau wa Minneapolis: Huku tuna hambaga yenye jibini ndani ya nyama. Ukiuma kwa pupa inakuunguza ulimi. Baa mbili zinagombea nani kaianzisha. Inahesabika?

Mleta mada: Hambaga kafungue uzi wako, mkuu.