Tupeane uzoefu: huyu anataka hiki, yule kile, kumbe tatizo liko kwingine

Wakuu, natengeneza programu za maduka. Kuna duka la vifaa vya ujenzi lilinitoa jasho. Bosi: "Funga bei, muuzaji asiiguse." Muuzaji: "Bei ikifungwa hatuuzi." Mhasibu naye analia kwamba kila jioni ripoti ya Z (jumla ya mauzo ya siku) ya mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, inazidi hela ya droo. Wiki tatu nafunga, nafungua. Nikajua ni mambo ya kupatana bei, nikaweka punguzo lenye kikomo. Hakuna aliyeligusa!

Jumamosi moja nikaomba kiti nyuma ya kaunta. Kabla ya saa sita mchana nimeshaelewa: bei haishushwi, inapandishwa. Fundi anachukua nondo na saruji, anaomba risiti isome zaidi ili apate cha juu kwa mwenye nyumba. Ukimkatalia, anahamia duka la jirani. Bosi anadhani anaibiwa, kumbe analipia VAT ya 18% hadi hela iliyoishia mfukoni kwa fundi. Sasa muuzaji angelisemaje hilo kikaoni?

Bosi nilimweleza pembeni. Alinyamaza, halafu akasema tumwekee fundi kamisheni inayotoka dukani, iandikwe mahali pake. Bei ikafungwa. Mafundi wawili watatu walihama, wengine wapo.

Nyie mlikutana na nini?

#2
Mradi wa maji kijijini. Nusu ya mkutano wanataka kituo cha kuchotea shuleni, nusu bondeni, kilomita mbili huko. Tukaambiwa ni siasa za vitongoji. Mzee mmoja nilipotembea naye akanionyesha kwato kwenye tope: wa bondeni walikuwa wanawaza ng'ombe, ila fomu yetu iliuliza maji ya nyumbani tu. Bomba likaenda shuleni, birika la mifugo bondeni.

#3
Mimi mchora ramani. Mume ghorofa, mke hataki hata kuisikia. Ramani ya nne ndipo mke akaniambia jikoni: mama yake anahamia kwao, na magoti hayapandi ngazi. Mume hajaambiwa!

#4
Msitupambe, wakuu. Mteja wangu hakuwa na siri yoyote, alikuwa anabadilisha mawazo tu. Siku hizi mteja anatia sahihi kwanza.

#5
#3, ghorofa ilijengwa?

#3
Iko kwenye lenta. Chumba cha mama kipo chini, choo ndani.