Naombeni ushauri: miadi ya viza ya Ujerumani ni Jumatatu na fomu imeshajazwa

Mama wa Makoroboi
Ndugu wanajukwaa, wakubwa zangu shikamooni. Mimi ni mfanyabiashara wa vitenge hapa Mwanza, nina mume na watoto wawili wanaosoma shule ya msingi. Mdogo wangu anaishi Hamburg, Ujerumani, na anatarajia kujifungua mtoto wake wa kwanza mwanzoni mwa Novemba. Ninataka kwenda kumwangalia hadi arobaini itimie, kisha nirudi kwangu. Itakuwa safari yangu ya kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki. Wakala anayenisaidia amejaza kwamba ninakwenda kutalii, ameniwekea nafasi ya hoteli ya siku 14 mjini Berlin, na amenisisitizia nisimtaje mdogo wangu kabisa, kwa sababu mtu akitaja ndugu hudhaniwa kuwa anakwenda kuzamia. Swali langu ni hili: je, taarifa ya benki yenye shilingi milioni 12 inatosha? Tangu juzi silali vizuri.

Msafiri Kimya
Dada, kabla ya fedha za benki hakikisha vitu vidogo, maana ndivyo vinavyowaangusha wengi. Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya tarehe ya kutoka eneo la Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya safari igharamie matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani, kwa kiwango kisichopungua yuro 30,000. Ada ya viza kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi hata ukikataliwa. Tiketi usilipie bado. Nafasi iliyohifadhiwa inatosha.

Babu wa Kirumba
Mwanangu, mimi ningependa kujua kwanza kama mumeo ameridhia, na kwa nini asiende mama yenu. Kumlea mzazi ni kazi ya mama. Wewe una watoto wadogo na duka, na mwezi mmoja na nusu si muda mfupi kwa nyumba isiyo na mwanamke.

Mama wa Makoroboi
Maneno yako ninayapokea kwa heshima, baba. Mama yetu alifariki mwaka 2019, na huyu mdogo wangu nimemlea mimi tangu akiwa darasa la tano. Mume wangu ameridhia na ndiye atakayekaa dukani. Mdogo wangu hana mwingine wa kumkandia tumbo wala wa kumpikia uji, na mwenzake anafanya kazi za zamu.

Bibi wa Ukerewe
Pole kwa kuondokewa na mama. Mimi nilikwenda huko kwa binti yangu alipojifungua, na kosa langu lilikuwa sanduku. Nilibeba samli chupa mbili na nyama ya kukausha niliyoitengeneza kwa siku tatu, nikidhani mzazi lazima apate mchuzi wa nyumbani. Forodha walivitoa vyote mbele yangu, wakavitia kwenye pipa, kwa sababu nyama na vitu vya maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haviruhusiwi kwenye mizigo ya abiria. Nilisimama pale nikilia kama mtoto. Dagaa wangu waliokaushwa waliniachia, kwa kuwa samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20. Kwa hiyo mpelekee dagaa, mwanangu, na unga wa ulezi, lakini samli iache.

Karani Mstaafu
Nimesoma uzi huu mara mbili. Dada, umeandika kwamba hii ni safari yako ya kwanza, lakini hukusema kwamba hili ni ombi lako la kwanza. Katika fomu ya Schengen kuna swali linalouliza kama alama zako za vidole zimewahi kuchukuliwa kwa ajili ya viza ya Schengen. Umejibu nini? Pia hizo milioni 12 ziliingia lini?

Mama wa Makoroboi
Nilitarajia lisifike huku, lakini nitasema. Mwaka 2023 niliomba viza ya nchi nyingine ya Schengen, kwenda kwenye harusi ya rafiki yangu, nikakataliwa. Alama za vidole nilitoa. Wakala ameweka alama kwenye "hapana", akasema ubalozi huu ni wa nchi tofauti na hauwezi kujua. Kuhusu fedha, milioni 11 shemeji yangu aliniwekea Alhamisi iliyopita, nami nitamrudishia baada ya viza kutoka. Naomba mnielewe: fedha zangu halisi zinazunguka kwenye mzigo na kwenye simu, hazilali benki. Wakala nimeshamlipa nusu, shilingi 600,000, na yeye ndiye mwenye uzoefu. Sioni namna ya kurudi nyuma sasa.

Karani Mstaafu
Namna ipo, kwa kuwa fomu hujaiwasilisha. Nchi zote 29 za Schengen zinatumia hifadhi moja ya taarifa za viza. Ombi lako la 2023, picha yako, vidole vyako na uamuzi wa kukukataa vimo humo, na hukaa kwa miaka mitano. Alama za vidole zenyewe zinaweza kutumika tena kwa miezi 59. Ofisa hatahitaji kukuuliza. Atafungua na kuona. Kukataliwa mara moja hakukuzuii kuomba tena, lakini kusema uongo chini ya tamko unalotia saini kunaweza kukukosesha viza hii na kukuharibia zinazofuata. Jambo la pili ni hizo siku 14. Unapanga kukaa siku 45 kwa viza ya siku 14?

Mama wa Makoroboi
Wakala alisema nitaongeza nikiwa huko huko.

Karani Mstaafu
Hapana, dada. Viza ya muda mfupi huongezwa kwa sababu nzito tu, kama vile ugonjwa usiokuruhusu kusafiri. Idadi ya siku unazoruhusiwa huandikwa kwenye stika, na ukizipita unakuwa umefanya kile kile walichokishuku mwaka 2023. Sheria inakuruhusu kuomba hadi siku 90 ndani ya siku 180, kwa hiyo hakuna sababu ya kuzificha siku zako 45.

Mwenye Shaka
Samahanini, lakini mimi siiamini habari hii. Akaunti imefunguliwa wiki hii, wakala ametajwa karibu katika kila ujumbe, mjamzito yupo, marehemu mama yupo, na maelezo yanakuja kidogo kidogo kila watu wakianza kupoa. Kesho atatokea mwingine aseme anamfahamu wakala mzuri zaidi na kuweka namba yake. Ndugu yangu alipoteza shilingi milioni tatu kwa wakala aliyempata katika uzi uliofanana na huu, na hadi leo hajamwona tena mtu huyo.

Mama wa Makoroboi
Kaka, pole kwa ndugu yako, na sikulaumu. Jina la wakala sijalitaja na sitalitaja. Karatasi ya kukataliwa ninayo, nimeiweka dukani ndani ya kabati, chini ya doti za vitenge, mahali ambapo wateja hawafiki na mume wangu hagusi. Ni karatasi yenye orodha ya sababu zilizochapwa, kila moja ina kisanduku chake, na kwangu walitia alama kwenye kile kinachosema kuna mashaka kama nitaondoka kabla ya viza kuisha. Hakuna aliyeniandikia hata sentensi moja kunihusu. Nilificha hapa kwa sababu hata mdogo wangu sijawahi kumwambia. Niliona aibu.

Mwenye Shaka
Karatasi hizo ninazifahamu na ndivyo zilivyo. Ninayaondoa maneno yangu kuhusu wewe. Kuhusu wakala, siyaondoi.

Niko Bremen
Dada, kwa Ujerumani kumtaja mdogo wako ndiko kutakakokusaidia. Aende idara ya wageni ya mji wake na kutia saini hati ya dhamana, ambayo kwayo anakubali kubeba gharama zako zote. Ada yake ni yuro 29. Wataangalia mshahara wake na mkataba wa nyumba. Anakutumia hati halisi, si nakala, nawe unaiambatisha pamoja na barua ya mwaliko, cheti chake cha kuzaliwa na chako kuonyesha undugu, na karatasi ya kliniki yenye tarehe ya kujifungua. Aombe miadi huko leo hii, kwa sababu miji mingine inachukua wiki kadhaa. Kisha kumbuka kwamba mwishoni mwa Novemba giza linaingia huku kabla ya saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo njoo na sweta za kutosha.

Karani Mstaafu
Ninakubaliana na ndugu wa Bremen. Kwa upande wako, onyesha kinachokurudisha Mwanza: leseni ya biashara, TIN na risiti za kodi, cheti cha ndoa, barua ya shule ya watoto. Chapisha taarifa ya miamala ya simu ya miezi sita, maana huko ndiko biashara yako inakoonekana. Ombi la kawaida hujibiwa ndani ya siku 15 na linaweza kufika 45, kwa hiyo muda bado unatosha ukianza sasa.

Mama wa Makoroboi
Nimempigia mdogo wangu usiku huu na kumweleza yote, pamoja na ya mwaka 2023. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kwa nini nilibeba peke yangu. Ameshatuma ombi la miadi idara ya wageni. Wakala amekasirika na amesema fedha yangu hairudi; nimemwambia aniletee pasipoti yangu tu, na miadi ya Jumatatu nimeifuta. Limebaki la shemeji. Nikimrudishia milioni 11 sasa, si nitaonekana mtu asiye na kitu?

Karani Mstaafu
Utaonekana mtu mwenye milioni moja benki, duka lenye leseni, na mdogo aliyemdhamini. Mrudishie kwa njia ya benki, si taslimu, ili kuingia na kutoka kwake kuonekane. Wakiuliza, waeleze kama ulivyotueleza sisi.

Mama wa Makoroboi
Nimekuelewa, mkubwa wangu. Nitakwenda benki kesho asubuhi kabla sijafungua duka.