Maafisa wa zimamoto kaunti wanakaimu miezi 14 bila posho: waanzie wapi?

Zamu_ya_Usiku: Wanajamvi, naomba ushauri. Katika kaunti moja hapa Kenya, maafisa watatu wa zimamoto wanakaimu ukuu wa vituo bila posho ya kukaimu. Barua zao zilitoka kwa mkurugenzi wa idara, si Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Wakidai, wanaambiwa wao ni menejimenti, chama cha wafanyakazi hakiwahusu. Vijana wa zamu wanataka kugoma kuwaunga mkono.

Wakili_Bara: Huo mgomo uzuieni leo. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inaiweka zimamoto kwenye huduma muhimu, na kifungu cha 81 kinakataza mgomo humo. Zamu nzima "ikiugua" siku moja, mwajiri ataiita mgomo vilevile. Kwa kifungu cha 80, anayegoma au kuchochea hukosa mshahara wa siku hizo na anaweza kuadhibiwa. Hapo watakaoandamwa kwanza ni hao watatu, kwa sababu orodha ya zamu wanaisaini wao. Sheria hiyohiyo imefungua mlango mwingine: kifungu cha 74 kinaruhusu chama kupeleka mgogoro wa huduma muhimu kwa dharura katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

MwakilishiWaWafanyakazi: Hoja ya menejimenti isiwatishe. Kinachoangaliwa ni kazi anayofanya mtu, jina la cheo halitoshi. Anayetunga sera na kuisimamia hutengwa na chama. Mkuu wa kituo anayepanga zamu na kuandika ripoti za moto yuko mbali na hapo. Someni mkataba wa kutambua chama, yaani makubaliano ya mwajiri na chama, mwone ngazi zilizotengwa. Kisha tazameni hati za mshahara: kama kaunti bado inawakata ada ya chama, itaelezaje kwamba hawamo?

Chui_wa_Dodoma: Huku kwetu Jeshi la Zimamoto na Uokoaji liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, kwa hiyo msichukue ushauri wa Tanzania. Kwa Kenya, zimamoto ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Katiba.

Karani_Mstaafu: Udhaifu mkubwa ni ile barua ya mkurugenzi. Kaunti itasema hakuwa na mamlaka ya kuteua, kwamba hayo ni ya Bodi. Kila afisa aiandikie Bodi, aambatishe barua hiyo, aombe ithibitishe au itengue ukaimu, na ijibu kwa maandishi. Jibu lisiporidhisha, rufaa huenda Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 90 tangu uamuzi, kifungu cha 77 cha Sheria ya Serikali za Kaunti. Anayeruka hatua hii akakimbilia mahakamani peke yake, kesi hutupwa kabla hata madai hayajasikizwa. Wakusanye nakala za daftari la matukio na ripoti walizosaini kama kaimu, pamoja na jedwali la tofauti ya mshahara mwezi kwa mwezi. Wakirudishwa vyeo vya zamani wasilale: dai la madhara yanayoendelea, kama posho isiyolipwa mwezi hadi mwezi, lina miezi 12 tu ya kufunguliwa baada ya madhara hayo kukoma.

Zamu_ya_Usiku: Na wakiamua kuacha kukaimu?

Karani_Mstaafu: Watoe notisi ya maandishi, waendelee na kazi hadi apatikane wa kukabidhiwa. Makabidhiano yasainiwe na pande zote mbili: magari na hali ya pampu, idadi ya mipira ya maji, shinikizo la kila mtungi wa hewa, na kasoro zilizokwisha ripotiwa. Moto ukitokea kituo hakina mkuu, wa kwanza kuulizwa atakuwa aliyeondoka.