Mayai ya mjusi kafiri wa madoa yanabonyea na kuota ukungu: tatizo ni dume au mashine?

Mzaramo wa Hamburg (mleta uzi)
Wakuu, habari za majukumu. Wa kucheka wacheke kwanza, halafu wanisaidie. Niko Ujerumani, nafuga wale mijusi kafiri wa manjano wenye madoa meusi, huku wanaitwa lepadi geko. Asili yao ni Pakistani, Afghanistani na India. Tofauti na wa kwetu, hawa hawapandi ukuta, na wana kope, wanafumba macho kabisa. Nina dume mmoja na jike mmoja.

Jike ameanza kutaga msimu huu, mawili mawili. Ya kwanza yalitoka laini, ya manjano, yakabonyea upande mmoja na kuota ukungu. Yaliyofuata hivyo hivyo. Haya ya mwisho yalitoka meupe kama chokaa na yamejaa vizuri, nikajua mambo yamejipa. Sasa nayo yanasinyaa na yana doa la kijivu. Nalisha nyenje na funza wa unga, joto lipo, maji yapo. Je, dume hana mbegu? Nimuuze nitafute mwingine? Nawasilisha.

Kiboko Msafi
Huku Tandale mjusi kafiri anapigwa ndala, mwenzetu anamhangaikia apate watoto. Ngoja nivute kiti.

Mama Vifaranga
Mwanangu, mimi ni mtu wa kuku, hao wako siwajui. Ila kabla hujamsingizia dume, uliyamulika? Zima taa, weka tochi ndogo chini ya yai. Tupu linawaka manjano peke yake. Lenye mbegu lina mishipa ya damu.

Mzaramo wa Hamburg
Shikamoo mama. Ya mwanzo sikuyamulika. Haya ya mwisho niliyamulika wiki ya kwanza, kulikuwa na duara jekundu na nyuzi nyuzi za damu. Jana nimemulika tena, duara halipo, ni kiza tu.

Gamba Laini
Mkuu, umejijibu mwenyewe. Dume muache alipo. Duara jekundu maana yake yai lilirutubishwa na mtoto alianza kukua. Hapo una matatizo mawili, na umeyaweka kapu moja: mayai ya mwanzo yalikuwa matupu, haya ya mwisho yalikuwa na mtoto na amefia ndani.

Matupu hayatishi sana. Jike wa aina hiyo hutaga hata asipoona dume maisha yake yote, na jike anayetaga kwa mara ya kwanza mara nyingi huanza na matupu. Angekuwa anatoa matupu msimu mzima ningekuuliza kama una uhakika hilo ni dume, maana wengi huuziwa majike wawili wakaambiwa ni mke na mume. Dume ukimgeuza tumbo utaona mstari wa vitundu wenye umbo la V mbele ya tundu la haja, na chini yake, mwanzo wa mkia, vimbe mbili. Kwako mishipa imeshatoa ushahidi.

Sasa nieleze mayai unayaweka wapi. Usiruke kitu.

Mzaramo wa Hamburg
Nina mashine ndogo ya kutotolesha vifaranga, nimeishusha hadi nyuzi 29. Mayai nayapanga kwenye trei yake. Inageuza yenyewe, ina feni, sijawahi kuigusa.

Gamba Laini
Basi tumemkamata mwizi. Kigeuzi kizime leo hii.

Mama Vifaranga
Hapo sijaelewa. Kwangu yai lisipogeuzwa, mtoto anagandamana na gamba anakufa. Kugeuza ndiyo kazi ya mashine.

Gamba Laini
Kwa kuku uko sahihi kabisa, mama. Yai la ndege lina zile kamba nyeupe za ute, unaziona ukipasua yai kwenye bakuli. Zinashika kiini katikati, na hata yai likizunguka, mtoto hurudi juu. Yai la mjusi halina kamba hizo. Mtoto hujishikiza upande wa juu mapema, ndani ya siku moja au mbili baada ya kutagwa, na anatakiwa abaki hapo hapo mpaka atoke. Ukimpindua, kiini kinamlalia.

Kwa hiyo Mzaramo, yai ulikute lilivyolala, litie alama ya penseli juu, na ulihamishe likiwa vile vile. Kumulika nako ni hapo lilipo, bila kulizungusha.

La pili ni hiyo feni. Gamba la kuku ni gumu, linazuia maji yasitoke. La huyu ni kama ngozi, linanywa unyevu kutoka kwenye kilalio na kuvimba kadiri mtoto anavyokua. Juu ya trei kavu linapoteza maji, ndiyo huko kusinyaa. Tafuta boksi dogo la plastiki lenye mfuniko, litoboe vitundu viwili vitatu, jaza vamikulaiti au pelaiti (zile chembe nyepesi za madini za bustani zinazoshika maji) yenye unyevu. Kipimo changu ni mkono: ikamate ngumini uibinye, ishikamane lakini isidondoshe maji. Ikidondosha, mayai yataoza. Fukia nusu ya yai, boksi liingie kwenye mashine. Kwa nyuzi 29 ngojea kama miezi miwili. Na joto hilo ndilo linaloamua jinsia: karibu na 26 wengi hutoka majike, karibu na 32 wengi madume. Usichezee kitufe kila siku.

Kipepeo wa Nyali
Naongezea kidogo, nami niko Ulaya. Jike ana uzito gani? Wengi hatuanzi kumpandisha kabla hajafika kama gramu 45, na awe ametimiza mwaka. Pia sijaona umetaja kalisiamu. Nyenje mtupu hana kalisiamu ya kutosha, na huyo anatoa magamba mawili kila baada ya wiki chache. Wapake nyenje unga wa kalisiamu wenye vitamini D3, halafu muachie na kifuniko cha chupa chenye unga wa kalisiamu mtupu, atalamba akihitaji. Asipopata, ataivuta kutoka kwenye mifupa yake. Miguu ikianza kutetemeka akitembea, usirudi kwenye uzi, nenda kwa daktari wa wanyama.

Na muondoe dume. Wanakaa pamoja siku chache, dume anatikisa ncha ya mkia, anamng'ata jike shingoni, kazi imeisha. Akibaki humo anamchosha bure, na mbegu jike anaweza kuzitunza kwa mayai ya baadaye.

Kiboko Msafi
Kumbe ni elimu! Sasa si uchukue wale wa buluu wa kwetu Morogoro, wa msitu wa Kimboza? Nasikia Wazungu wanawagombania. Nikutumie wawili?

Gamba Laini
Kiboko, utamfunga mwenzio. Wale wapo Kimboza na vipande vya misitu vya jirani tu, duniani hakuna pengine. Walikamatwa sana kwa ajili ya biashara hiyo hiyo, na tangu 2017 wako kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, biashara ya waliokamatwa porini hairuhusiwi. Waliopo Ulaya wawe wamezaliwa kwenye ufugaji, na wana karatasi zao.

Mzaramo wa Hamburg
Kiboko, baki na ndala zako. Wengine nashukuru sana. Jike ana gramu 52. Kigeuzi nimezima, vamikulaiti naifuata kesho dukani. Swali la mwisho: haya yenye doa la kijivu niyatupe?

Gamba Laini
Usiyatupe bado. Yatenge kwenye boksi lao, uyaache wiki nyingine. Yai likianza kutoa harufu au kuvuja, hilo tupa. Yapo yanayobonyea yakajaa tena yakipata unyevu, ingawa kwa hayo yaliyopoteza mishipa sikupi tumaini kubwa. Jike akianza kuchimba tena, mwekee kisanduku chenye mosi mbichi, ile mimea mifupi laini ya kijani inayoota kwenye mawe yenye maji. Asipopata pa kutagia, atayazuia tumboni.