Mjadala: Je, X Japan waendelee kumpandisha hide jukwaani kwa picha ya mwanga?

Wakuu, hoja hii imenikaa rohoni tangu nilipoangalia rekodi ya X Japan, bendi ya roki ya Japani, wakirudi jukwaani kwenye uwanja wa Tokyo Dome mwaka 2008, baada ya miaka kumi ya ukimya. Usiku wa kwanza, tarehe 28 Machi, walipiga Art of Life, ule wimbo mmoja unaokaribia nusu saa, na mpiga gitaa wao hide akaonekana amesimama pamoja nao. hide alifariki tarehe 2 Mei 1998. Kilichoonekana pale kilikuwa hologramu, picha ya mwanga iliyotolewa kwenye rekodi ya tamasha lao la mwaka 1993. Aprili 2018 wakarudia kule kwenye tamasha la muziki la Coachella, Marekani, na safari hiyo wakamwongeza Taiji, mpiga besi wao wa zamani aliyefariki mwaka 2011. Mashabiki wamegawanyika. Mimi nasema wasifanye tena. Nitatoa sababu zangu, na anayepinga aje na zake.

Kwa asiyeijua bendi hii, nianzie mbali kidogo kwa sababu hoja yangu imo ndani ya historia yenyewe. Yoshiki na Toshi wamejuana tangu chekechea huko Tateyama, mkoa wa Chiba. Mwaka 1982 wakaanzisha bendi wakaiita X, Yoshiki kwenye dramu na piano, Toshi akiimba. Mwaka 1986 Yoshiki akafungua lebo yake mwenyewe, Extasy Records, na ndiyo iliyotoa albamu ya kwanza, Vanishing Vision, Aprili 1988. Mwaka uliofuata wakahamia kampuni kubwa na kutoa Blue Blood. Kwenye jalada lake palikuwa na kaulimbiu ya Kiingereza iliyoishia na maneno visual shock, na wengi wanaamini jina visual kei, yaani mtindo wa bendi za Japani wa kujipamba nywele, uso na mavazi, limetokana na hapo. Jina X Japan walilichukua mwaka 1992, walipotaka kuuza muziki wao Marekani na kukuta kuna bendi nyingine iitwayo X kule Los Angeles.

Sasa tuje kwa hide mwenyewe. Alikuwa kijana wa Yokosuka, na kabla ya kuingia X mwaka 1987 alisomea kazi ya saluni hadi akapata leseni. Hili watu wanalipita haraka, ila kwangu ndilo kila kitu. Visual kei ni kazi ya mikono. Nywele zinapakwa rangi, zinasimamishwa kwa dawa, uso unapakwa, nguo zinashonwa, halafu jasho la jukwaani linaharibu kila kitu na kesho mtu anaanza upya. hide aliijua kazi hiyo kwa vidole vyake mwenyewe. Ukipanga picha zake mwaka kwa mwaka, utadhani unaangalia watu watano tofauti. Mwaka 1994 akatoa albamu yake peke yake, Hide Your Face, na muziki wake ukawa unaelekea mahali ambapo X Japan hawakuwahi kufika. Kati ya wote, yeye ndiye aliyekuwa hashikiki.

Na huyo ndiye aliyegandishwa.

Rudieni rekodi ile ya 2008 muitazame polepole. Yoshiki ana miaka 42. Toshi ana miaka 42. Unaona walivyokomaa, unaona Yoshiki anavyoupigania mwili wake nyuma ya dramu, maana shingo yake imeumizwa na miaka ya kurusha kichwa. Katikati yao anaonekana hide mwenye umri wa miaka 29, vilevile kama alivyokuwa usiku ule wa 1993. hide huyo hamtazami Toshi. Toshi akikosea, hide hacheki. Wenzake wakiongeza mwendo, hawezi kuwafuata, ikabidi wao ndio wamfuate yeye. Hapo bendi ya watu hai inageuka kuwa msindikizaji wa mkanda. Niliisimamisha rekodi pale nikashindwa kuendelea kwa muda.

Kuna atakayeniuliza: mbona ulinunua Ja, Zoo, albamu iliyotoka Novemba 1998 hide akiwa kaburini? Nilinunua na naipenda. Ile ilimaliziwa na rafiki zake waliokuwa wakifanya naye kazi, lakini sauti mnayoisikia aliiimba mwenyewe, kwa nia ya kuitoa. Kinachonipa shida ni Co Gal ya mwaka 2014, ambapo teknolojia ya Vocaloid ya Yamaha ilitumika kujenga sauti yake ili aimbe wimbo ambao hakuwahi kuurekodi kwa ajili ya kutoka. Kumalizia kazi aliyoianza mtu ni heshima. Kumfanyia kazi mpya kwa niaba yake ni jambo jingine, hata kama ruhusa ya familia ipo na nia ni njema. Hologramu naiweka kwenye kundi hilo la pili. Vidole ni vyake, sikatai, ila usiku ule haukuwa wake.

Karibuni.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, nakuheshimu lakini hapa unatuonea sisi tuliokuja baadaye. Mimi hide alipofariki sikuwa nimezaliwa. Wewe una kumbukumbu zako, mimi nina skrini tu, tangu siku ya kwanza. Kwangu hide alikuwa picha ya mwanga kabla hata ya hologramu! Sasa unaniambia nisimwone kwa ukubwa wa binadamu, akiwa na gitaa lake la njano lenye mioyo, wenzake wakipiga kweli pembeni yake?

Halafu unasahau ni nani aliyeamua. Angekuwa mfanyabiashara aliyenunua haki za marehemu, ningekuunga mkono. Huyu ni Yoshiki. Ndiye aliyemwalika hide kwenye bendi, ndiye aliyesimama kwenye mazishi pale hekalu la Tsukiji Hongan-ji, Tokyo, maelfu kwa maelfu ya vijana wakilia barabarani, na ndiye aliyelazimika kuwaomba mashabiki wasijidhuru. Mtu aliyebeba msiba namna ile, mimi na wewe tutampangia namna ya kumkumbuka rafiki yake?

La mwisho, visual kei tangu mwanzo ni sanaa ya macho. Moshi, taa, vipodozi, sura ambayo si ya kila siku. Hologramu ni mwendelezo wa njia ileile. Ungeniambia bendi ya wazee wenye fulana na jinzi imeleta hologramu, ningeshangaa.

MCHANGIAJI WA PILI

Naongeza swali kwa mwenye mada. Mbona husemi kuhusu tiketi? Jina la hide linajaza viti. Mimi ndilo linalonikera, mengine yote ni ufundi tu.

MWENYE MADA

Nianze na huyu wa pili ili nimalize haraka: ndugu, la fedha sina ushahidi nalo, na simtuhumu mtu. X Japan walikuwa wanaijaza Tokyo Dome kabla ya hologramu. Tuliache.

Mdogo wangu wa kwanza, umenigusa pale uliposema una skrini tu. Sikulifikiria hilo vya kutosha na nakukubalia: kiu yako ni halali. Na kuhusu msiba wa Yoshiki, simpangii namna ya kulia. Angekaa peke yake na picha ya rafiki yake usiku kucha, nisingefungua mdomo. Lakini jukwaa ni la watu, na kinachowekwa mbele ya watu kinajadiliwa na watu.

Kwenye hoja ya moshi na vipodozi ndipo tunapoachana. Vipodozi vilikuwa juu ya uso wa mtu aliyeamua kuvipaka. Asubuhi angeweza kusema leo sitaki waridi, nataka nyekundu. Usiku wa 31 Desemba 1997, walipopiga kwa mara ya mwisho kabla ya kuvunjika, hide aliingia Tokyo Dome akiwa na sura aliyojichagulia mwenyewe. Ile ya 2008 alichaguliwa. Angekuwa na miaka 43, na hakuna anayejua angekuwa na nywele za rangi gani, au kama angezipaka kabisa.

Na ninyi mnaosema bila hologramu nafasi yake itabaki tupu, mtazameni Sugizo. Huyu ametoka Luna Sea, bendi ambayo hide mwenyewe aliipenda na kuifikisha kwa Yoshiki, na albamu yao ya kwanza ikatoka Extasy mwaka 1991. Mwaka 2009 akawa mwanachama rasmi wa X Japan. Anapiga sehemu za hide kwa mikono yake, mahali pengine anafuata noti kwa noti, mahali pengine anaingiza lake. Haigizi nywele wala mwendo. Ukitaka kumwona hide kwa ukubwa wa binadamu, tazama kijana ambaye hide alimfungulia mlango, sasa ni mtu mzima, anasimama mahali pake. Hilo hologramu haiwezi kukupa. Na jina la hide linatajwa, mashabiki wanaliita kwa sauti, arobaini elfu kwa pamoja wanavuka mikono juu ya kichwa kutengeneza herufi X. Mimi hapo machozi hunitoka, na hakuna mashine iliyowashwa.

Nimefungua mada hii sasa kwa sababu ya Heath. Aliingia mwaka 1992 kushika besi baada ya Taiji kuondoka, akakaa hadi saratani ilipomchukua Oktoba 2023, akiwa na miaka 55. Heath alikuwa mtu wa kujiweka pembeni, anasimama upande wake, anapiga, anashuka. Waliobaki ni Yoshiki, Toshi, mpiga gitaa Pata na Sugizo. Siku wakirudi jukwaani, tayari wanao wenzao watatu waliotangulia, na mwanga wa kuwatengeneza wote watatu upo. Mdogo wangu, nijibu hili kwa moyo wako: ukiwaona wanne wanapumua na watatu hawapumui, ungependa Pata asimame wapi?