Mchana najinyima, usiku nafakamia. Nianzie wapi?

Kijiko_Kirefu:
Wadau, naomba msinicheke. Tangu asubuhi hadi jioni nina nidhamu ya kupigiwa mfano: asubuhi maji, mchana tunda moja, basi. Ikifika saa nne usiku watoto wamelala, mimi nimesimama jikoni, taa sijawasha, sufuria mkononi, simu mkono wa pili. Nikishtuka, kijiko kinakwangua chini ya sufuria, na hata ukiniuliza kama chumvi ilikolea siwezi kujibu. Nalala na tumbo zito, najilaumu, kesho yake sili kitu mpaka mchana ili kufidia. Hali hii ina miezi 8 sasa.

Nimeambiwa nitafune kila tonge mara 30. Jumatatu nilijaribu. Nilifika 11 nikapotea hesabu, nikameza. Je, ni nidhamu inanipungukia au kuna jambo silijui?

Mwamba77:
Nidhamu. Funga jiko saa mbili, ufunguo mpe mwenzako. Mengine ni visingizio.

Bibi_Upawa:
Mwamba, taratibu. Mwaka 1944 huko Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys alianza jaribio na vijana 36 waliojitolea, wenye afya njema, waliokuwa wamekataa kwenda vitani kwa sababu ya dhamiri zao. Mtu anayeweza kuikatalia serikali wakati wa vita huwezi kumwambia hana msimamo. Wakapunguziwa chakula karibu nusu kwa miezi sita. Basi wakawa wanaota chakula, wanalamba sahani, wengine wanakusanya vitabu vya mapishi. Waliporuhusiwa kula tena, baadhi yao walikula mpaka kupindukia na bado wakalalamika njaa.

Mwanangu Kijiko, wewe usiku hufanyi ulafi. Unalipa deni la mchana, tena na riba.

Mimi niliishi hivyo miaka mingi, kwa hiyo nakwambia kilicho kigumu: kula asubuhi iliyofuata. Umefakamia jana? Kula tu, mlo kamili, hata kama moyo unakusuta. Hapo ndipo mnyororo unapokatika. Wiki ya kwanza nilihisi kama najidanganya.

Ukishakula mchana ndipo uhangaike na utulivu. Pakua kwenye sahani, kaa, simu iache chumba kingine. Habari za hesabu ya kutafuna achana nazo, utageuza mlo kuwa mtihani. Mimi huyasikiliza matonge matatu ya kwanza tu, maana ladha iko pale. Kadiri unavyoendelea ulimi unazoea. Ukimaliza na bado unataka, ngoja kidogo kabla ya kuongeza. Taarifa ya shibe haifiki ubongoni papo hapo, huchukua kama dakika 20. Ukingoja na bado una njaa, ongeza. Ni njaa, si kosa.

Daktari_wa_Zamu:
Naongezea moja. Kula kingi kwa muda mfupi huku ukihisi huwezi kujizuia, angalau mara moja kwa wiki kwa miezi 3, huweza kuwa ugonjwa unaotambulika kitabibu na una tiba. Kijiko, miezi 8 inatosha kwenda kumwona mtaalamu. Na kama kuna anayejitapisha baada ya kula, au anayetumia insulini (dawa ya kisukari) halafu anaruka milo, asisubiri ushauri wa humu.

Mwamba77:
Hao vijana 36 sikuwajua. Ufunguo naufuta. Ila taa washa, bwana.

Kijiko_Kirefu:
Nimerudi, siku ya 9. Miadi nimeshachukua. Mchana nakula, ingawa mara mbili nimeteleza. Jana usiku nilikwenda jikoni kama kawaida. Nikawasha taa (asante Mwamba), nikapakua, nikakaa, nikasikiliza tonge la kwanza kama Bibi alivyosema.

Jamani, halina chumvi kabisa. Na anayepika humu ndani ni mimi.