Wikiendi ya kutembea na kupanda milima Dodoma: twende Kolo, Hombolo au tubaki mjini?

Binti wa Ilala

Wadau wa Dodoma, habari zenu. Tuko marafiki wanane, tumesoma pamoja na sasa kila mtu ana kazi yake Dar. Mwishoni mwa Agosti tunataka kuja huko kwa treni ya SGR, tufike Ijumaa na kurudi Jumapili jioni. Hatuji kukaa baa. Tunataka kutembea, kupanda milima, kuendesha baiskeli ikiwezekana, jioni tule vizuri na tulale tumechoka. Kuna wenzetu wanaokimbia kila asubuhi, na yuko mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa goti. Kwenye tambarare anatembea vizuri kabisa, ila kushuka mlima mkali kunamtesa, na hatutaki kumwacha hotelini.

Kundi limegawanyika. Wengine wanataka Kolo, kule Kondoa, kwenye michoro ya miambani. Wengine wanataka Hombolo, bwawani na kwenye mashamba ya zabibu. Wengine wanasema tubaki mjini, vilima vipo, ya nini kupoteza muda barabarani. Ninyi mnaoishi huko mngewapeleka wapi ndugu zenu?

Mgogo wa Makole

Mbukwenyi! Karibuni sana. Mimi nasema mjini, tena bila kusita. Dada, hesabu saa zako. Kolo ni kama kilomita 180 kutoka hapa. Kwenda na kurudi siku hiyohiyo ni saa tano hadi sita za kukaa kwenye gari, na umesema mnakuja kutembea. Hapa mkiamka alfajiri, jua linachomoza mko juu ya mlima wa Simba, mji wote uko chini yenu na pimbi wanaota jua kwenye mawe. Mnashuka, mnakunywa supu na chapati, mnapumzika mchana. Jioni mnakwenda upande wa Chimwaga, Chuo Kikuu cha Dodoma. Eneo lile ni kubwa mno, barabara zinapanda na kushuka, magari machache. Wakimbiaji watafurahi, na mwenye goti atatembea kwenye lami bila kuachwa nyuma.

Mlimani nendeni wote kwa pamoja na mchukue mwenyeji, msibebe vitu vya thamani. Na njooni na sweta. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, asubuhi za Agosti ni baridi kweli kwa mtu aliyezoea joto la Dar, halafu mchana jua ni kali na hewa ni kavu hadi midomo inapasuka.

Kolo Kwetu

Kilomita za kaka wa Makole ni sahihi, ila hitimisho lake silikubali. Niseme wazi kwamba mimi ni Mrangi wa Kondoa na jambo hili liko moyoni mwangu. Mlima wa mawe mtaupata Morogoro, mtaupata Iringa, mtaupata Mwanza. Michoro ya miambani kwa wingi ule hamtaipata kwingine Tanzania. Miamba yenye michoro inazidi 150, imetawanyika kwenye vilima vya ukingo wa Bonde la Ufa, na UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mary Leakey alikuja huko mwanzoni mwa miaka ya 1950 akanakili michoro mwamba kwa mwamba.

Na si safari ya kushuka kwenye gari, kupiga picha na kuondoka. Mnaripoti ofisini pale Kolo kijijini, mnalipa kiingilio, mnapewa mwongozo. Kisha gari linashika njia ya vumbi kama kilomita 10 kuelekea Mungomi wa Kolo. Gari linapoishia, mnaanza kupanda kwa miguu katikati ya mawe na vichaka, na sehemu ya mwisho inakata pumzi hata kwa hao wakimbiaji wenu. Mkifika juu mnakutana na watu warefu, wembamba, waliochorwa kwa rangi nyekundu, vichwa vyao vikubwa kana kwamba wamevaa kitu au wamesuka nywele. Mnaona twiga, tembo, pofu. Kuna pia michoro myeupe, mizito zaidi, inayohesabiwa kuwa ya watu waliokuja baadaye, wakulima na wafugaji. Pale kwenye mwamba mmoja mmesimama mbele ya kazi za watu ambao hawakuwahi kuonana.

Wazee bado wanapanda Mungomi kwa matambiko, kuomba mvua na kuombea wagonjwa. Kwa hiyo hakuna spika ya muziki, hakuna kugusa mchoro, na tafadhali sana hakuna kumwagia maji ili rangi itoke vizuri kwenye picha. Maji hayo yanaula mchoro, na mchoro ukishaliwa haurudi.

Jambo jingine ambalo wageni hawaambiwi: tazameni makorongo. Ardhi ya Kondoa ilikuwa inakwisha kwa mmomonyoko. Mwaka 1973 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika zaidi. Kwa wafugaji lilikuwa pigo zito, wazee wanalizungumza mpaka leo. Lakini vichaka na miti vilirudi kwenye kuta za makorongo yale, na chini yake kuna mito ya mchanga ambayo wakati wa kiangazi mnatembea ndani yake kama barabarani. Mwombeni mwongozo awapitishe huko, mtaelewa nchi hii kuliko kuisoma.

Sasa kuhusu saa za barabarani. Msilale Dodoma Ijumaa. Njooni na treni ya asubuhi, mkishuka ingieni kwenye gari moja kwa moja mwende Kondoa. Lami ya Dodoma hadi Babati ilizinduliwa mwaka 2018, ile safari ya vumbi ya zamani haipo tena, ni kama saa mbili na nusu tu. Mnalala Kondoa mjini, gesti zipo. Jumamosi asubuhi na mapema mko Kolo, saa sita mmeshashuka, na jioni mko Dodoma mnakula kuku choma.

Dereva wa Kisasa

Naongezea la usafiri. Noah inachukua abiria saba, ninyi wanane na mabegi, kwa hiyo ama Noah mbili ama Hiace. Mpaka Kolo kijijini gari lolote linafika. Kule ndani kuelekea Mungomi ndiko kwenye shida, gari la chini lililojaa watu litagonga mawe. Kama bajeti inaruhusu tafuteni Land Cruiser. Kama hairuhusu, liacheni gari kijijini na mpatane na vijana wa pikipiki pale Kolo, au mtembee, maana kilomita 10 si nyingi kwa watu mnaotafuta mazoezi. Mpatane bei ya safari nzima mafuta yakiwemo, na mkubaliane kabla ya kuondoka dereva atalala wapi na atakula nini. Watu wanasahau hilo, halafu ugomvi unaanza usiku.

Mama Mizabibu

Wanangu, hamjaulizwa mnakuja mwezi gani? Agosti! Dodoma zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Mkija mwishoni mwa Agosti mnakuta mavuno yenyewe. Hombolo ni kama kilomita 40 tu kutoka mjini, Makutupora ni karibu zaidi. Mnatembea katikati ya mistari ya mizabibu asubuhi kabla ya jua, ardhi ni tambarare, na huyo mwenye goti ndiye atakayetangulia mbele. Ombeni ruhusa kwa mwenye shamba kabla ya kuingia, na mnunue kwake kwa kilo. Mtaonjeshwa na mchuzi wa zabibu pia, ule unaouzwa viwandani kutengenezea mvinyo. Nunueni kwa mkulima, maana msimu ukifurika kuna miaka zabibu zinakosa mnunuzi na kuharibika, na shilingi ya mgeni inayoingia shambani moja kwa moja inasaidia kulipia maji na dawa.

Mchana nendeni bwawani. Bwawa la Hombolo lilijengwa mwaka 1957, lina ndege wengi, na wavuvi watawauzia samaki wa kukaanga papo hapo. Ila msiogelee. Maji yaliyotulia namna ile ni ya kuogopa kichocho, hata kama mnawaona watoto wamo ndani.

Kanyaga Taratibu

Kwa upande wa baiskeli: Dodoma ni mji mzuri kuendesha, barabara ni pana na vilima vimejitenga, huhitaji kupanda kila mara. Adui ni upepo. Miezi ya kiangazi unavuma kutoka mashariki, asubuhi ni mpole, ikifika saa nne unaanza kukusukuma na kukutupia vumbi machoni. Kwa hiyo anzeni kabla jua halijapanda, elekeeni mashariki kwanza, Nzuguni mpaka Ihumwa, mkiwa bado na nguvu, halafu mrudi upepo ukiwa mgongoni. Mtumba kwenye Mji wa Serikali mnaweza kufika kama miguu imekubali. Barabara kuu ya Morogoro ina malori na mabasi yaendayo kasi, msiendeshe wawiliwawili. Baiskeli ulizeni kwa mafundi wa mjini siku moja kabla, na mjaribu breki wenyewe kabla ya kulipa.

Kura yangu: Jumapili asubuhi baiskeli. Jumamosi amueni wenyewe.

Mtu wa Kongwa

Mbona Kongwa haitajwi? Mradi wa karanga wa Waingereza wa mwaka 1947 ulianzia kwetu, na kuanzia 1964 wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wengine walikuwa na kambi hapo. Ni historia kubwa, na ni karibu na barabara ya Morogoro.

Kolo Kwetu

Ndugu wa Kongwa, historia hiyo ni ya kuheshimiwa na inastahili safari yake, ila kwa wanaotaka kupanda na kutoka jasho naona si wikiendi hii. Waje tena.

Mgogo wa Makole

Nimesoma yote. Mpango wa kulala Kondoa Ijumaa unajibu hoja yangu ya kilomita, nakubali. Haujajibu goti. Umesema mwenyewe sehemu ya mwisho ya Mungomi inakata pumzi. Kupanda anaweza, na kushuka je? Kundi la marafiki haliendi mahali ambapo mmoja atakaa kwenye gari saa tatu akisubiri.

Kolo Kwetu

Hoja nzuri, kaka. Si michoro yote iko juu kileleni. Kuna miamba ambayo gari linafika karibu na mwendo wa miguu ni mfupi, waongozaji wanaijua. Wanachofanya ni kusema mapema pale ofisini: tuna mwenzetu ambaye hawezi mteremko mkali, tunaomba tuanze na miamba ya chini wote kwa pamoja. Baada ya hapo wanaotaka Mungomi wapande na mwongozo mmoja, na wawili watatu wabaki naye kwenye mto wa mchanga, ambako ni tambarare na kuna ya kutazama. Fimbo mbili za kutembelea zitamsaidia sana. Na asione aibu kusema imetosha, mlima hauhami.

Binti wa Ilala

Nimewasomea wenzangu majibu yote usiku huu kwenye simu, na mwenye goti ndiye aliyeamua. Anataka Kolo. Amesema yeye ndiye atakayebaki mtoni na mtu mmoja, na tusimhurumie.

Kwa hiyo: Ijumaa treni ya asubuhi na moja kwa moja Kondoa. Jumamosi miamba ya chini wote kwa pamoja, halafu Mungomi kwa wanaoweza, jioni Dodoma. Jumapili kundi linagawanyika asubuhi, wa baiskeli wanaelekea Ihumwa, wengine wanakwenda Makutupora kwenye zabibu, tunakutana mjini kula kabla ya treni. Hombolo bwawani imetutoka, Mama utusamehe, ila zabibu hatuziachi. Mlima wa Simba pia umekosa nafasi, labda kwa wale wawili wanaoamka saa kumi na moja hata wakiwa likizo.

Swali la mwisho: kulala Dodoma Jumamosi tutapata kirahisi, au tulipie mapema?

Dereva wa Kisasa

Lipieni mapema, dada. Angalieni kwanza kama Bunge lina mkutano. Mikutano ya mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba ni ya kawaida, na Bunge likiwepo vyumba vya mjini vinajaa na bei zinapanda. Mkikosa katikati ya mji, tafuteni Kisasa au Area D, bajaji zipo mpaka usiku.

Na tiketi ya kurudi Jumapili ikateni siku ileile mnayokata ya kuja. Tangu SGR ianze safari za Dodoma Julai 2024, treni za Jumapili jioni zinabeba watumishi na wanafunzi wengi, ukisubiri utajikuta unatafuta basi Nanenane usiku. Kila mmoja awe na namba ya kitambulisho chake, tiketi inatoka kwa jina. Stesheni ya hapa iko nje kidogo ya katikati ya mji, kwa hiyo muache nafasi ya kutosha kutoka mnakokula mpaka mlangoni, msifike mnakimbia na mifuko ya zabibu.

Mama Mizabibu

Mimi nimeshawasamehe. Zabibu za kubeba chagueni zenye vikonyo vya kijani, ziwekeni juu ya begi na msizioshe mpaka mfike Dar.